Betri Kwenye Kasha la Miwani

Mshauri wetu, shikamoo. Nakuandikia nikiomba unijibu kabla shule hazijafungwa, maana zikifungwa tu bibi yangu ataondolewa nyumbani kwetu, na sababu ya kuondolewa kwake ni kitu nilichokitengeneza mimi kwa mikono yangu, tena kwa nia njema, au angalau nusu ya nia yangu ilikuwa njema.

Mimi ni msichana wa sekondari, si mwongeaji, na kaka yangu huniita Maktaba kwa sababu, eti, humo ndani mna mengi lakini mlangoni pameandikwa Kimya Tafadhali. Tunaishi na bibi mzaa baba. Tangu alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, safari zake ni za kutoka kitandani hadi dirishani na kutoka dirishani hadi chooni, akiegemea ile fremu ya kutembelea, na chumba chake kipo mwisho wa korido, ukishapita jiko. Redio yake ilikuwa juu ya kabati asikoweza kufika, kwa hiyo kila alipochoka na kipindi alipaza sauti, "Jamani, nani yupo? Njooni mnibadilishie hii, huyu mtu ananipigia kelele!" Basi mama ataacha cherehani yake sebuleni, maana anashona sare za shule, au kaka atatoka na chai mkononi, au baba, ambaye ni fundi wa friji, ataingia na grisi zake, na mara nyingi ataingia Maktaba, kwa kuwa ndiye asiye na kazi inayoonekana. Bibi huniita mke mwenzake, kwa ule utani wa kwamba mimi ni mke wa marehemu babu, na nikiingia husema, "Karibu, mke mwenzangu, umekuja kuniibia mume?" nami hujibu kwamba mume mwenyewe hakuniachia hata kanga, tunacheka, nambadilishia stesheni, halafu ananiambia nikae nimsomee.

Nilikuwa namsomea hadithi ndefu ya mhunzi na binti zake watatu, sura kwa sura, na kwa kweli kumsomea bibi ni kazi, kwa sababu hakuachi umalize ukurasa, utasikia, "Mwongo huyo! Usimwamini!" au, "Hebu rudia hapo alipomjibu baba yake," na mara anaanza kunisimulia ya shangazi yake aliyekuwa na tabia kama ya binti wa pili, na chai inapoa, na mimi nina mtihani wa fizikia, na hapo ndipo lilipoanza lile wazo ambalo leo nalijutia.

Mteja mmoja wa baba alifunga ofisi yake akampa baba kompyuta ya zamani na skrini, nami nikaomba viwekwe chumbani kwa bibi. Kaka alileta kutoka kibandani kwake, anakouza vifaa vya simu, rimoti isiyo na waya, ndogo kama kipande cha sabuni, pamoja na kidude chake cha kuchomeka nyuma ya kompyuta. Nikakaa nayo likizo nzima nikiipanga hadi kila kitufe kikawa na kazi yake, na kwa kuwa macho ya bibi yamepungua nguvu, nilichukua vipande vya vitambaa vya mama nikabandika ili avijue kwa kidole. Mahameli ni redio, jinzi ni nyimbo zake za ujanani, kifungo cha shati ni picha za harusi ya baba na mama, na uzi wa sufu ni kitabu. Ndiyo, mshauri, nilirekodi sauti yangu nikisoma hadithi ya mhunzi, nikaiweka humo, yote isipokuwa sura ya mwisho, maana mitihani ilinikuta njiani.

Siku ya kwanza bibi alibonyeza jinzi, nyimbo zikajaa chumba, akapiga makofi akasema, "Mke mwenzangu, umenikabidhi nchi!" Baba alinishika bega mbele ya watu wote, jambo ambalo hafanyi.

Baada ya hapo nyumba ikatulia. Hakuna aliyeitwa. Mama alimaliza oda ya shule nzima bila kunyanyuka, na mimi nilisoma vitabu vyangu hadi nikasahau kwamba mwisho wa korido kuna mtu, kwa sababu nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe ikimsomea, na ukisikia sauti yako ipo mahali unaona kama na wewe upo. Siku moja bibi aliniuliza, "Yule mhunzi aliishia wapi?" nikamwambia nitarekodi Jumamosi, na Jumamosi ikapita.

Ndipo rimoti ilipoanza kuzimika. "Jamani, hiki kidude kimekufa!" Tukienda tunakuta betri hazimo, au zimegeuzwa, na bibi anashangaa kama sisi. Kaka akaweka mpya, zikapotea. Baba akamuuliza, "Mama, betri umeziweka wapi?" naye akamtazama taratibu, akasema, "Betri gani, mwanangu? Kaa kwanza, mbona umekonda?" Baba alikaa kidogo, akatoka, akaenda kunawa grisi kwenye sinki la uani na akanawa hata pale mikono ilipokwisha kutakata, kisha akamwambia mama, "Mama anatuacha kidogo kidogo. Ameanza kusahau." Akampigia simu shangazi, anayekaa mji mwingine, mbali na kwetu, na shangazi akasema mleteni kwangu, nina msaidizi wa kazi, kila kitu kipo chini, hakuna ngazi, tena nitamnunulia rimoti ile ya kusema nayo, yeye atasema tu na runinga itatii. Wakakubaliana kwamba shule zikifungwa bibi atapelekwa moja kwa moja.

Sasa, mshauri, juzi nilikuwa napita na nguo za kuanika, mlango wa bibi ulikuwa wazi kidogo, nikamwona. Alifungua kile kifuniko cha rimoti kwa ukucha, haraka kuliko kaka, akatoa betri zote mbili, akaziweka ndani ya kasha lake la miwani, akalifunga, akajinyoosha kanga, halafu akaita, "Jamani, nani yupo?"

Niliingia mimi. Nikafungua kasha nikaziona, tukatazamana.

"Umeniona," akasema.

"Bibi, wanasema unasahau. Wanataka kukupeleka kwa shangazi."

Alilifunga tena lile kasha. "Afadhali waseme nasahau," akasema, "kuliko waseme nadeka. Mtu mzima mzima nilie nimekosa wa kuongea naye, na watoto wangu wanafanya kazi?"

"Lakini kitabu kipo, bibi, sauti yangu ipo."

"Ipo. Nasema yule binti ni mwongo, wewe huku unaendelea kusoma tu. Sauti yako hainijibu, mke mwenzangu." Akanishika mkono. "Usiseme. Ukisema utakuwa umenivua nguo mbele ya mwanangu." Nami nikaapa.

Mshauri, nikisema nimevunja kiapo na nimemwaibisha, na nisiposema atapelekwa mbali kwa ugonjwa asiokuwa nao, na huko ataongea na runinga. Mezani nashindwa hata kuomba chumvi, sembuse hili. Nifanye nini?

Wako, Mke Mwenza

*

Marahaba, Mke Mwenza. Futa machozi, tuongee.

Nianze na rimoti, maana naona umeshaihukumu kunyongwa. Iachilie. Mzee aliyelala kitandani akaweza kufungua redio yake bila kumwomba mtu amerudishiwa heshima yake, na wewe uliyebandika mahameli na jinzi ili kidole cha bibi kisipotee ulifanya kazi ambayo wengi wenye vyeti wasingeifikiria. Hapo nakupongeza. Lakini umeniandikia kwamba nusu ya nia yako ilikuwa njema, na ile nusu ya pili hukuitaja, ingawa imejaa barua nzima. Ulitaka usiitwe. Basi, hukuitwa. Wala si wewe peke yako, nyumba nzima ilishukuru ule utulivu, na hakuna aliyejiuliza utulivu huo unatoka chumba gani. Wito wa bibi yako haukuwa wa redio hata siku moja. Mtu huita kwa jambo lililo karibu na mkono, na lake lilikuwa redio. Mkamtatulia redio.

Na bibi naye asikwepe. Msomee sehemu hii kama ilivyo. Bibi, kwa heshima zote, unacheza na moto. Unaogopa kuitwa mdekaji kwa siku moja, kwa hiyo uko tayari kuitwa mgonjwa kwa maisha yako yote, tena ukiwa mbali na dirisha lako. Mwanao alinawa mikono iliyokwisha kutakata. Unamjua kuliko mimi, ulimzaa. Huyo ni mtu anayelia, na analilia mama ambaye bado yupo. Huo ni utani gani?

Sasa kiapo. Siri inayomlinda mwenyewe hutunzwa. Siri inayomfungia mwenyewe mizigo na kumpandisha gari haitunzwi, ila pia huikimbizi kwa baba nyuma ya mgongo wa bibi, maana hapo ndipo utakuwa umemvua nguo kweli. Utarudi kwake kwanza. Funga mlango, kaa, umwambie hivi, "Bibi, sitakusemea kisirisiri, lakini sitakuacha uondoke. Useme mwenyewe kabla ya Jumapili, nitakuwa nimekaa pembeni yako. Usiposema, nitasema mimi, nawe utakuwepo ukinisikia." Atakununia. Mwache anune, mke mwenza hanuniwi milele.

Hatalazimika kutoa hotuba, wala wewe. Jumapili waiteni wote chumbani, baba, mama na kaka. Bibi afungue kasha la miwani mbele yao, atoe betri, azitie mwenyewe, kila moja upande wake, abonyeze mahameli, abonyeze jinzi, abonyeze kifungo cha shati hadi harusi ya baba yako itokee pale kwenye skrini. Kisha aseme, "Sijasahau. Nilikuwa nawaita." Akishindwa kuongeza neno, hayo yanatosha, na nina hakika baba yako hatauliza maana yake. Wewe ukishindwa kufungua mdomo, mpe baba barua hii mkononi. Kuwa mpole si kosa, ila kuna siku upole unageuka mlango uliofungwa, na nyuma yake kuna mtu.

Hata hivyo apelekwe hospitali akaangaliwe. Mtu akifikia umri wake, kupimwa ni jambo la kawaida, si hukumu, na daktari akisema yu mzima shangazi yako ataamini haraka kuliko akisikia kwa Maktaba. Shangazi usimchukie. Naye anatoa alichonacho. Aje akae na mama yake wakati wa likizo, alete na mdomo wake badala ya hiyo runinga inayotii.

Halafu hamisheni kompyuta. Kosa lenu lilikuwa moja dogo sana: mliipeleka mwisho wa korido, mkamfungia humo na raha zake. Skrini ije sebuleni, karibu na cherehani ya mama, na kiti cha bibi kije nacho kila siku baada ya chai. Usiniambie nyonga. Baba yako anayepandisha friji za watu ghorofani hawezi kushindwa na kiti cha mama yake. Rimoti ibaki mkononi mwa bibi, na asiipokonywe na mtu. Kaka akitaka mpira, aombe. Mama akitaka nyimbo, aombe. Baba akitaka taarifa ya habari, aombe kwa adabu, na bibi atamjibu kwamba atafikiria. Mtaona jinsi atakavyoacha kupoteza betri.

Siku anapotaka kulala chumbani kwake, alale na uzi wake wa sufu na sauti yako. Usiifute, kuna saa za mchana ambazo kweli mtakuwa shuleni na kazini, na sauti ya mjukuu si kitu kibaya kuwa nacho.

Ila sura ya mwisho usiirekodi. Beba kitabu, kaa ukingoni mwa kitanda, umsomee, na akikukatiza kusema yule binti ni mwongo, weka kidole kwenye mstari uliofikia, umuulize amejuaje.