Amri Moja, Wajawazito Wote

Shoga, uko wapi? Mkuu wa kompyuta hapa hospitalini katuvua nguo!

Si unajua rekodi za wagonjwa ziko kwenye seva, ile kompyuta kuu ya mbali? Programu ya zamani ilivuta faili moja moja, unasubiri mpaka usingizi. Leo kajipiga kifua: "Mimi naipa seva amri moja tu, kazi kwisha."

Alitaka kumwandika mama mmoja kuwa mjamzito. Akasahau kutaja ni mgonjwa gani. Seva ikatii. WOTE wajawazito! Wote, shoga!

Simu zao zikapokea meseji: "Hongera, kliniki ni kesho."

Mganga mkuu, aliyetibiwa mgongo hapa hapa, kaja akihema. "Mke wangu kaisoma kabla yangu!"

Jamaa wa kompyuta, jasho likimtiririka, kajibu: "Lakini bosi, umeona ilivyofika haraka?"