Shangazi, Nimechagua Kuketi na Wenzangu

Shangazi yangu, Mungu akulaze pema,

Nimekaa ukumbini kwako hapa Ole. Mchana umetulia, karafuu zimeanikwa uwanjani juu ya majamvi, na harufu yake inaingia ndani mpaka kwenye mito. Ikishanipanda kichwani, miaka yote inachanganyika. Nakuona unapita na kanga yako ya shamba, huna haraka, kana kwamba hukwenda popote. Nakaa kimya nisikuvuruge.

Unanijua mimi na moto wangu. Uliponilea ulikuwa ukisema, "Mtoto huyu hana ngozi, upepo ukipita tu analia." Ukanipeleka kwa shehe, nikaandikiwa kombe, aya kwa zafarani sahanini zikazimuliwa kwa maji, ukaninywesha mwenyewe huku umenishika kisogo. Mkono ule nausikia hadi leo. Lakini moto haukuondoka, Shangazi. Nimekua nao, nimeolewa nao, nimeachwa nao. Msimu huu nilirusha birika ukutani, na mwanangu Salma akajibana nyuma ya mlango. Hakulia. Sasa yuko Gando kwa bibi yake, mama wa babake, na kila nikimpigia simu ananiambia atarudi, ila si leo.

Ndipo nikashuka mjini Chake Chake, nikampata mshauri mmoja pale Tibirinzi, Bi Zuhura. Akanieleza kuna tiba ya mazungumzo na mazoezi, wenyewe wanaiita DBT, ya watu wa moto kama mimi. Inakufundisha kujikubali ulivyo na kubadilika, vyote viwili kwa pamoja. Kombe na dua hakunikataza. Akasema tu, "Mwanangu, njia ziko kadhaa, chagua utakayodumu nayo." Naweza kukaa naye peke yetu kila wiki. Naweza kuingia darasa la wanawake, tukajifunza pamoja kuustahimili moto bila kumuunguza mtu. Au nizungumze na mwalimu aliyeko Unguja kwa simu ya picha, mwenyewe nikiwa nyumbani.

Mimi mbio, nikachagua simu. Hakuna atakayeniona, hakuna wa kupeleka habari sokoni. Ewaa! Siku mwalimu aliponiuliza habari za Salma, nikabonyeza nikamzima. Raha iliyoje! Kisha nikabaki na simu mkononi, nyumba kimya, nikaona kuwa nimejipatia mlango mwingine wa kukimbilia.

Nilifikiria pia kukaa na Bi Zuhura peke yetu. Lakini mbele yake mimi ni mpole kama maji ya mtungini, moto wangu huwaka nikiwa na watu. Likabaki darasa. Nikaenda kuchungulia. Viti vya plastiki vimepangwa duara, wanawake wanatazamana usoni. Nikatoa salamu, nikasema nimesahau kitu, nikatoka na buibui langu kama ninayefukuzwa. Nilishayasikia ya Ole nzima: "Yule ana shetani, tena keshaingia na darasa la wenye mashetani!"

Jana nikachambua karafuu peke yangu, ndipo uliponijia. Unakumbuka jioni zile za msimu? Lundo la karafuu katikati ya ukumbi huu huu, wanawake wamelizunguka, vidole vinakwanyua makonyo, vile vijiti vya karafuu. Sheria yako ilikuwa moja, anayesema hatazamwi. "Macho kwenye karafuu," ulituambia sisi watoto. Siku ile Bi Asha, jirani yako mjane, alisema kuwa kuna asubuhi anaamka hawapendi hata wanawe. Hakuna aliyeinua uso. Vidole viliendelea. Baada ya kitambo ukamsogezea fungu katika karafuu zako, ukasema, "Na mimi yalinipata." Basi. Bi Asha akalia kidogo, akajifuta, akaendelea kuchambua. Nilikuwa mdogo, nikadhani watu wazima dunia nzima hulia hivyo.

Kumbe wale wanawake wa Tibirinzi sikuwaogopa, Shangazi. Nayaogopa macho.

Leo asubuhi nimempigia Bi Zuhura. "Bi Zuhura, tukikaa chini mkekani, kila mtu na kazi yake mkononi, na mimi nikija na pakacha langu la karafuu, itakuwa vibaya?"

Akacheka. "Wee! Lete. Na wengine waje na ukili wao wasuke."

Basi nimechagua darasa. Naanza Jumatatu. Naogopa, sikufichi. Habari ya birika sijui nitaisemaje, lakini nataka kuisema kwa watu ambao siwezi kuwazima. Namtaka mwanangu arudi, Shangazi. Namtaka mpaka naumwa.

Kisha nikampigia Salma, nikamweleza. Akaniuliza:

"Ukianza kukasirika huko, watakutazama?"

"Hawatanitazama. Watachambua."

"Na ukilia?"

"Watachambua vilevile, mpaka nimalize."

Nyuma yake nikasikia kuku wa Gando. Siku zote husema "nitarudi, ila si leo," nami nilishajikaza kulisikia neno hilo.

"Mama," akasema, "usizimalize zote. Nibakishie fungu langu."

Nimelitenga, Shangazi. Liko hapa ukumbini, mahali pako pale ulipokuwa ukikaa.

Mimi mtoto wa kaka yako,
uliyemlea