Maman, Nilikutafsiria Uongo

Maman mpendwa,

Nakuandikia wewe uliyekwisha kuzikwa, kwa sababu ulipokuwa hai nilinyamaza.

Enzi ile ya Wabelgiji, ni mimi peke yangu nyumbani kwetu Bukavu niliyejua Kifaransa. Masista walikuwa wamenifundisha. Kwa hiyo uvimbe ulipotokea kwenye titi lako la kushoto, mimi ndiye niliyekupeleka hospitali. Papa alinishika mkono mlangoni.

«Munganga akisema kukata, usimuambie mama yako. Atakimbilia kwa dada yake kule Luhwindja, afie kule.»

Daktari alikubonyeza kwapani, akanieleza ni kansa, titi lote litolewe. Ukaniuliza, «Anasema nini?»

«Anasema iko jipu, Maman. Atalitoboa tu.»

Ulicheka kidogo. Ukamshukuru yule Mzungu kwa mikono miwili.

Ulipozinduka ulipapasa bandeji. Upande ule ulikuwa bapa. Hukulia. Uliniangalia mpaka nikatazama sakafu, kisha ukauliza tena alichosema daktari siku ile. Nikarudia: jipu. Nilikudanganya mara ya pili, na kidonda kikiwa kibichi.

Ulijishonea kifuko cha vitambaa, ukakitia ndani ya blauzi ili uende misa. Papa, aliyesema anataka uishi, alihamia kijiji cha Miti kwa mwanamke mwingine. Alisema kifua chako kinamtisha. Mimi uliendelea kunipikia. Uliniwekea sahani mezani, ukaenda kula jikoni.

Mwaka haukuisha, uvimbe ukarudi kwapani. Hospitali, nilipotangulia kuingia kwa daktari, ulimwita muuguzi, mtu wa kisiwa cha Idjwi.

«Wewe utanitafsiria. Huyu abaki inje.»

Nilisimama kwenye korido. Nilisikia kila neno la Kifaransa: hakuna tena cha kukata, ni miezi michache. Nilimsikia muuguzi akikuambia yote, polepole, bila kuficha. Ukamwambia aksanti.

Ulipotoka ulinipita. Tulipofika barabarani ndipo uliposema, «Ungeniambia ile siku, ningekubali anikate. Mimi sikuwa muoga. Ni ninyi.»

Hukuniambia kitu kingine mpaka ulipokufa. Nilikuosha, nikakugeuza, nikakulisha uji, nawe ukitazama ukuta. Sikukuomba msamaha, maana nilijua ungeninyima.

Leo nina umri uliokufa nao. Bado sijakuomba.

Lala, Maman.

Binti yako, yule uliyemwacha kwenye korido