Vitabu Vifanane

Roret, Jumanne

Kaka Mochama,

Usishangae herufi kubwa hivi. Huku mvua ni ya kila alasiri, na ng'ombe amezaa ndama wa kike.

Mwalimu mkuu mpya anasifu maktaba yetu, vile mimi huchukua kitabu bila kutafuta. Hajui vya Gredi ya Saba nilivifunika kwa gazeti, vya Nane kwa karatasi ya kaki, vya Tisa kwa gunia, nami napapasa tu. Macho yangu yameisha, Mochama.

Jana alileta rola ya plastiki ya kufunikia vitabu. Anataka vitabu vyote vifanane kufikia Ijumaa. Nilimwambia, "Sawa, mwalimu." Sijui nitafanya nini. Mama asijue.

Ukitaka kunijibu, usiandike. Nipigie simu.

Dada yako,
Mongina