Wanyonyaji wa Ghalani

Shule ya Msingi Tupendane,
Laela, Sumbawanga.
Alhamisi, 13 Mei 1976

Baba mpendwa, shikamoo.

Kuna sauti haijanitoka masikioni tangu mwisho wa mwezi wa tatu, na nisipoanza nayo sitaweza kuandika mengine. Ni "khhh" nyembamba, kama chumvi ikianguka motoni. Ilitoka kwenye kinywa cha mtoto wa paka ambaye macho yake yalikuwa bado hayajafunguka. Nilinyoosha mkono nimwokote. Hakuniona, hata miguu yake haikuweza kumbeba, lakini alinifokea.

Sasa nikuulize hali. Mguu wa mama umepata nafuu? Ulezi wa huko Chala mmeuvuna, au baridi imewatangulia? Mimi ni mzima, nakula vizuri, nasali, nafundisha. Barua yako nimeipokea juzi kwa mkono wa Eustaki wa basi. Umeniagiza niombe radhi kwa maandishi na niwatupe paka, kwa kuwa kazi ya ualimu haipatikani mara mbili. Hayo uliyasikia kwa Katibu wetu wa Chama, Kasimiri, aliyekuandikia kama vile mimi ni mtoto wa darasa la kwanza. Naomba uyasikie na kwangu.

Panya walikuwa wanamaliza mahindi ya kijiji. Katibu akaagiza sumu imwagwe ghalani, na hakuna aliyemkumbuka paka aliyekuwa akiishi humo. Paka alikula panya aliyekula sumu. Nyuma ya magunia akaacha watoto wanne wa wiki moja hivi. Katibu alisema watupwe mtoni kabla hawajachafua nafaka. Nikawaweka kwenye kapu la madaftari nikaondoka nao.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilifanya kama mama alivyotulea: nikakoroga uji mwepesi wa ulezi, nikamlaza mmoja chali mapajani, nikamkingia kiganja mdomoni na kuumimina. Sisi sote tulinyweshwa hivyo, tukilia na kumeza. Paka hawezi. Uji ulimwingia mapafuni, ukamtoka puani, na kabla kengele ya mapumziko haijalia alikuwa amekufa mkononi mwangu. Ni yule aliyenifokea. Nina cheti cha ualimu, baba, na sikujua kwamba paka hunyonya amelalia tumbo.

Nilikimbilia zahanati kwa Nesi Atusaye, yule Mnyakyusa wa Tukuyu. Alinicheka kwanza, akaniuliza kama hao ndio wajukuu niliokuahidi wewe, baba. Halafu akanifundisha. Mtoto aliyepoa halishwi, tumbo lake limelala. Mpashe joto kwanza. Nikawawekea chupa ya maji ya moto niliyoizungushia kipande cha kanga. Maziwa nikawapa kwa kile kimpira cha kudondoshea dawa ya macho, tone kwa tone, nikisubiri kila mmoja ameze. Kisha nikawapangusa chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kwa maana wakiwa wadogo hivyo hawajui kukojoa mpaka mama yao awalambe. Darasa la tano walipoona mwalimu anampangusa paka walicheka hadi wakashika matumbo. Wiki iliyofuata walikuwa wakigombania zamu.

Macho yalipofunguka yalikuwa ya buluu. Masikio yakasimama. Nilijifunza kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha baridi, maana mwenye baridi hukutafuta kwa pua huku akitetemeka, wala hana haja na maziwa. Sijawahi kumsoma mtu yeyote kwa makini kiasi hicho.

Kisha ukaja mkutano wa kijiji. Katibu alisimama akasema kwamba maziwa ya unga ya zahanati, yaliyoletwa kwa ajili ya watoto dhaifu, yanapungua, na kwamba Mwalimu Bertilla anafuga wanyonyaji watatu katika nyumba ya serikali. Ndilo neno alilotumia, wanyonyaji, neno lile la kuwaitia mabepari, na neno hilo huwa halichezewi. Nami nikasimama. Nilisema ni kweli wananyonya, wana umri wa kunyonya, na maziwa yao yote tangu siku ya kwanza yametoka kwa mbuzi wa jirani yangu, Mama Silvana. Nikamgeukia Katibu nikamwuliza: mtu mzima asiye na ng'ombe wala mbuzi, ambaye chai yake ya saa nne ni nyeupe kila siku ya Mungu, huyo tumwite nani?

Baba, walicheka mpaka mlinzi wa ghala akaangusha kofia. Mama mmoja kutoka nyuma alipaza sauti akitaka Katibu naye apangushwe kwa pamba. Mama Silvana aliitikia kwa kichwa kwamba maziwa ni ya mbuzi wake. Katibu akasema nimekitukana Chama, na kamati ikanipa hadi Jumamosi hii niandike radhi na kukabidhi paka watupwe. La sivyo ataniandikia kwa wakubwa wa elimu wilayani.

Hapa ndipo pazito, nawe nakuambia kama vile tuko ana kwa ana, ingawa ni kwa kalamu. Nilisema uongo. Siku ile ya kwanza Nesi alitoka kumpokea mama mwenye mtoto wa homa, kopo la maziwa ya unga lilikuwa wazi mezani, nami nilichota vijiko vitatu nikavifunga kwenye karatasi ya daftari. Maziwa ya mbuzi yalianza kesho yake. Mama Silvana alijua, akanifichia mbele ya kijiji kizima, na tangu hapo nikimtazama naona haya. Siwezi kumwita mtu mnyonyaji huku nimefunga mdomo juu ya vijiko vyangu.

Kwa hiyo sitaomba radhi kwa lile neno, baba, hata ukiniamuru mara ya pili. Wala paka siwakabidhi. Wanakula dagaa sasa, na jana niliwagawa: mmoja kwa Mama Silvana, mmoja zahanati, na wa tatu, mwenye makucha makali, kwa mke wa Mwenyekiti wa kijiji, ambaye kihenge chake cha nafaka kimetobolewa na panya. Katibu akitaka kuwatupa, abishe hodi huko kwanza.

Mpe mama pole ya mguu, na mdogo wangu Dominika mwambie asiache shule hata kama kuna mavuno. Ukinikasirikia, nikasirikie ukijua yote.

Leo asubuhi nimebandika tangazo kwenye mlango wa ghala, kwa jina langu kamili. Nimeandika kwamba vijiko vitatu ni vyangu, na nimetaka makopo ya zahanati yafunguliwe Jumamosi mbele ya watu, ili aliyechota yale mengine naye ajiandike. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Silvana, mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima. Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza akaanza kuwasomea wenzake kwa sauti, polepole, bila kuruka hata neno moja.

Ni mimi binti yako,
Bertilla