Mwalimu wa Usaili Aliyekula Firigisi

Mwaja, kitendawili! Nimetafuta mtu wa kunivusha mto, kumbe naye anatafuta wa kumvusha. Usihangaike, ni huyu mwalimu wa tuisheni!

Si nilikwambia mjukuu wangu Kobugabe anarudia usaili wa wahandisi wa barabara? Leo kaja bwana kutoka Nyaishozi kujinadi, eti kwake hafeli mtu. Nikamchinjia kuku. Firigisi nimempa yeye, Mwaja. Firigisi!

Kobugabe kaingia, kamkazia macho: "Kaka, si tulifanya wote usaili ule? Wewe ulifaulu?"

Bwana akajibu, "Tulionewa."

Tulionewa! Na mimi nilishamtafutia ng'ombe wangu mnunuzi, nipate ada yake!

Kobugabe kaikataa tuisheni. Bwana hakuondoka. Yuko barazani, kafungua daftari, mjukuu wangu anamfundisha mahesabu ya zege.