Chiriku Asiache Kazi ya Masjala

Chumba namba 14,
Ghorofa ya tatu, juu ya kinyozi.
Jumapili, tarehe 16 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umeketi, maana nakujua: ukipata barua huisomea mlangoni, umesimama, ufunguo mkononi. Keti kwanza. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua inasaidia au inanuka tu? Na shemeji, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Mimi natembea, nakula, nalala. Jicho la kulia nililopasuliwa mwezi uliopita linaona vizuri kuliko nilivyotegemea. Naona hata nyufa za dari ambazo kwa miaka sita nilidhani ni vivuli. Sijui kama nishukuru.

Utajiuliza kwa nini naandika na hali simu ipo. Sababu ya kwanza, ukipokea simu yangu unaongeza sauti, na nyumba nzima inakuja kunisikiliza kama redio. Ya pili, kwenye simu mimi ni mwongo hodari. Mtu akiniuliza habari, ulimi unajibu "nzuri" kabla sijauuliza moyo. Karatasi hainiharakishi. Barua hii inaletwa na fundi viatu wa chumba cha jirani, anayesafiri Alhamisi. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe, mkononi. Isome peke yako kwanza.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yako, Chiriku wetu asiyenyamaza, asiache kazi yake ya masjala pale zahanati. Barua ya kuacha kazi ameshaiandika, hilo najua. Basi aende akaombe kuirudisha kabla ya tarehe thelathini na moja. Huku kwangu hakuna kazi ya kumpa. Haikuwepo hata siku ile nilipomwambia ipo.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana siku zote nimekueleza vipande vipande, na nilikuchagulia vile vinavyong'aa.

Unakumbuka kiwanda cha chapa kilipofungwa na mimi nikabaki na kalamu nyekundu na uzoefu wa miaka kumi na tisa wa kusahihisha maandishi ya watu. Ndipo nikajiandikisha kwenye soko la mtandaoni. Ni soko kweli, ila halina harufu wala kelele. Mwenye kazi anabandika tangazo: nina mazungumzo ya saa mbili niliyoyarekodi, namtaka mtu wa kuyasikiliza na kuyaandika. Sisi tunaotafuta tunajipanga mbele yake, kila mmoja na picha yake, tukimweleza kwa adabu zote kwa nini atuchukue. Akikuchukua na akaridhika, anakupa nyota. Nyota ndizo jina lako. Asiye na nyota ni sawa na mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye muziki.

Kwa miaka saba nilikusanya nyota. Nilisikiliza wapangaji wa jengo fulani wakigombana kuhusu lifti. Nilimsikiliza mfugaji wa nyuki akihutubia saa tatu bila kumeza mate. Nilimsikiliza mjane akimsimulia mtafiti jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akikunja mashati, nikalazimika kurudisha nyuma mara nne, na si kwa sababu sikumsikia. Niliwatambua watu kwa vikohozi vyao. Kazi ikiisha, mteja anaandika "asante", anatoweka, na wewe unabaki na sauti yake kichwani siku nzima kama mgeni aliyesahau kuaga.

Hizo ndizo habari nilizokuwa nakupa, na zilikuwa za kweli. Nisizokupa ni za mwaka jana na mwaka huu. Kazi zilikauka kama bomba la mtaani: kwanza mkondo ukawa mwembamba, kisha matone, kisha upepo mtupu unaokoroma. Siku hizi kompyuta yenyewe inasikiliza na kuandika. Tangazo linalobaki ni la mtu wa kusahihisha pale ilipokosea, na wanaoliomba wameshafika mia na ishirini kabla sijamaliza kufuta miwani. Wengine wanataka kwanza uwafanyie kurasa tano za majaribio, bure. Ukishazituma, kimya. Tangu Septemba nimefanya majaribio kumi na moja, na sikupata hata jibu la kukataliwa.

Kinyozi wa hapa chini hunitania kila nikipita. "Mzee wa nyota! Leo vipi, mbingu imefunga?"

"Mawingu, bwana."

"Basi njoo nikunyoe, labda mteja anaogopa hizo ndevu!"

Anacheka, nami nacheka, kisha napanda ngazi.

Sasa nije kwa Chiriku. Baada ya kunitoa mtoto wa jicho mwanzoni mwa Februari, daktari alinikataza kutazama skrini kwa wiki tatu. Nilikuwa nimebakiwa na mteja mmoja tu wa kudumu, bibi mwenye kampuni ndogo ya vipindi vya redio, ambaye hakuwahi kunifokea hata mara moja. Niliogopa kumpoteza. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Duka halifungwi kwa sababu mwenye duka anaumwa. Ndugu anaingia nyuma ya kaunta, anauza, na mwenyewe akipona anarudi kwenye kiti chake. Nikampa Chiriku neno langu la siri, nikamwambia: kaa hapo mwanangu, wajibu wateja kama ambavyo ningewajibu mimi.

Kumbe soko lile halijui ndugu. Mwenye akaunti ni yeye peke yake, akiugua augue nayo. Wala hawakuficha, imeandikwa katika masharti, ukurasa wa arobaini na kitu. Mimi niliyelipwa kusoma kila herufi ya watu wengine niliyapitia masharti yale kama mtu anayepita makaburini.

Naomba ujue kwamba alifanya kazi vizuri sana. Maandishi yake ni safi kuliko yangu. Yule bibi wa redio aliandika kunipongeza kwamba siku hizi nimekuwa mwepesi; Chiriku aliponisomea kwenye simu nilicheka mpaka jicho likauma. Na hapo ndipo kichwa kilipovimba. Nilimpigia Chiriku nikamwambia kwamba huku kazi ni tele, zinatutosha sote wawili, na kwamba anajizika bure kwenye mafaili ya wagonjwa. Nilitia chumvi mpaka mchuzi hauliki. Nilitaka, angalau mara moja, niwe mjomba anayemfungulia mtu mlango. Miaka thelathini na moja nimekuwa mjomba wa kutuma salamu.

Lililotuangusha nililifanya mimi. Asubuhi ya siku ya tisa nilishikwa na kiherehere. Nikainua pembe ya bandeji, nikafungua akaunti nizitazame nyota zangu tu, kama mgonjwa anayetoroka wodini kwenda kuhakikisha amefunga mlango wa nyumba yake. Chiriku naye alikuwa humo humo, kwenu, anaandika. Kwa hesabu yao, mtu mmoja alionekana katika nchi mbili ndani ya dakika sita. Akaunti ikazuiwa papo hapo, wakanitaka nithibitishe uso wangu mbele ya kamera. Geuza kichwa kushoto. Geuza kulia. Fumbua macho yote mawili. Mdogo wangu, nilikuwa na bandeji. Nilifumbua moja.

Siku nne baadaye, mtu wa dawati lao la msaada akaniandikia kwa upole: je, kuna mtu mwingine aliyetumia akaunti hii? Ningeweza kukana. Badala yake nilimwandikia ukurasa mzima. Nilimweleza habari za jicho, habari zako, habari za Chiriku niliyemwacha nyumbani akiwa na miezi minne, na habari za duka na kaunta. Nakiri kwamba nilijivunia barua ile. Niliisoma mara mbili kabla ya kuituma, nikaona hakuna binadamu atakayeisoma asilainike.

Alijibu kwa mistari mitatu. Alinishukuru kwa kusema ukweli. Kwa kuwa nimekiri, akaunti imefungwa kabisa na uamuzi huo haukatiwi rufaa. Na aliyefungiwa haruhusiwi kufungua akaunti nyingine, wala yeyote aliyeitumia ile ya kwanza.

Yaani mimi, na Chiriku pia.

Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Nyota zangu zimekwenda, ziende, zilikuwa zinazimika zenyewe. Lakini huu mlango niliomwahidi nimeufunga kwa mkono wangu kabla hajaukaribia, na yeye hajui. Alipouliza kwa nini akaunti imegoma nilimwambia soko liko kwenye matengenezo. Siku uliponipigia, tarehe mosi, kunieleza kwa furaha kwamba amepeleka barua ya kuacha kazi, akaunti ilikuwa imeshakufa zaidi ya wiki. Nilisikia vigelegele vyenu nyuma ya sauti yako. Nikasema, "Hongera." Neno hilo nililitamka mimi, kwa kinywa changu, na sikuwa na homa.

Kwa hiyo nakuomba, shemeji aende naye kwa mkuu wa masjala. Mtu mzima akisimama kando, maneno huwa na uzito. Wasinitaje kwa ubaya wala kwa uzuri, waseme tu mpango wa mjomba umevunjika. Uliniambia juzi kwamba tayari kuna mwingine anafundishwa yale mafaili, na kwamba wenzake wanamchangia keki ya kumuaga. Najua maana yake. Mtu hawezi kula keki ya kwaheri Ijumaa na Jumatatu akarudi kuomba kiti. Katika umri wangu nimeshasoma barua nyingi za maombi ya aina hii, nyingine niliziandika mimi, na sitakudanganya kwamba naiona njia. Lakini aende. Wakimkataa, angalau atakataliwa na watu anaowaona nyuso.

Usijaribu kunitetea kwake. Akisema mjomba ni mwongo, mwache aseme. Akilia, mpe maji, usimpe methali. Mimi nilipewa methali nyingi nilipoondoka nyumbani na hakuna hata moja iliyonifaa njiani.

Kuhusu mimi usihangaike. Mwenye duka la miwani mtaa wa pili ameniambia nipite nimpangie risiti zake za miaka mitatu. Ni kazi ya wiki mbili. Baada ya hapo sijui, na nimechoka kujifanya najua.

Nisalimie shemeji, na umwambie daktari yuko sahihi kuhusu chumvi. Nisalimie shangazi kama bado anasikia, na kama hasikii mshike mkono, ataelewa ni mimi. Yule mjukuu aliyeota meno mawili mpige busu kwenye paji la uso. Kaka mkubwa wa shemeji umpe pole ya mguu.

Kila siku saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya kuingia kazini, na hata Jumapili asipokwenda, Chiriku hunipigia.

"Shikamoo Mjomba! Wamefungua?"

"Marahaba mwanangu. Bado."

"Hao mafundi wao nao! Wanatengeneza soko au wanajenga jipya?"

"Subira, mama."

"Haya, kesho basi. Nimeshanunua hedifoni, Mjomba, nyekundu, utazionea wivu!"

Nimejiambia kila siku kwamba leo nitamweleza, na kila siku nimemwambia subira. Fundi viatu anasema atakuwa kwenu Jumamosi jioni. Jumapili nitaamka mapema kama kawaida na kuiweka simu mezani. Ikifika saa tatu haijalia, nitajua umeshamsomea.

Mungu akuponye magoti, aitunze nyumba yako, na ampe binti yetu riziki isiyopitia mikononi mwangu.

Ni mimi nikupendaye, kwa mbali na kwa muda mrefu,

Kaka yako.